Kufunga Maji Kabla ya Kutengeneza Choo Kinachovuja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi bomba, na simu nyingi ninazopokea kuhusu choo hazianzi na swali la kutengeneza. Zinaanza na sauti ya mtu aliyesimama kwenye maji akiuliza afunge wapi. Majibu haya ndiyo ninayompa mtu huyo, pamoja na mengine ambayo ningependa awe ameyasikia wiki moja kabla. Ninaposema koki nina maana ya kifaa cha kufungia maji, bomba ni lile la kukingia maji, na paipu ni njia yanamopita.

Maji yanamwagika sasa hivi. Nianze na nini?

Tazama nyuma ya choo, chini ya tangi, ukutani au karibu na sakafu. Utaona paipu nyembamba au mpira uliofumwa kwa nyuzi za chuma ukipanda kwenye tangi, na mwanzoni mwake kuna koki ndogo. Izungushe kulia mpaka ikatae.

Kama koki haipo au haizunguki, usihangaike nayo. Funua tangi, laza kifuniko sakafuni mahali ambapo hakuna atakayekikanyaga, ingiza mkono unyanyue boya, yaani kile kinachoelea juu ya maji, kadiri linavyokwenda. Maji yanayoingia yatakatika hapo hapo, nawe utakuwa umepata muda wa kumtuma mwenzako kwenye koki kuu. Ila njia hiyo haisaidii kitu iwapo mpira wenyewe ndio umepasuka, kwa sababu maji yanatoka kabla hayajafika kwenye boya. Hapo kimbilia koki kuu moja kwa moja.

Kama maji yamefika kwenye soketi au waya, au yanadondoka kupitia taa ya chumba cha chini, usiyakanyage. Zima swichi kuu ya umeme ikiwa unaweza kuifikia ukiwa pakavu. Ndoo na matambara yatafuata.

Hakimwagi sakafuni, kinatiririka tu ndani ya sinki la choo. Kuna haraka gani?

Chukua kikombe cha mililita 250. Choo kinachopoteza kikombe kimoja kila dakika kinapoteza lita 15 kwa saa, yaani lita 360 kwa siku moja. Huo ni uvujaji ambao wengi huuzoea wala hawausikii tena, labda usiku nyumba ikiwa kimya. Haukulazimu kuamka saa nane za usiku, lakini funga koki ya choo unapokwenda kulala, uifungue asubuhi, mpaka siku utakapokitengeneza. Kufunga na kufungua huko hakukugharimu chochote, na maji yanabaki kwenye paipu.

Nitajuaje koki imefungwa? Zangu hazifanani.

Zipo za aina tatu ambazo utakutana nazo zaidi. Ya kwanza ina kichwa cha duara au cha yai, inazungushwa mara nyingi. Kulia ni kufunga, kushoto ni kufungua. Ya pili ina mpini mfupi unaokwenda robo mzunguko tu. Mpini ukilala sambamba na paipu, maji yamefunguliwa; ukikatiza paipu kama msalaba, yamefungwa. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ukiitazama tu, hata ukiwa mlangoni, unajua hali yake.

Ya tatu huwachanganya wengi, kwa kuwa haina mpini kabisa. Ni kipande kidogo cha shaba katikati ya paipu, chenye mfuo mmoja kama wa kichwa cha skrubu. Ingiza bisibisi bapa, zungusha robo. Kanuni ni ile ile: mfuo ukifuata paipu, wazi, ukiikatiza, imefungwa. Nimeona watu wakiikaza kama skrubu ya kawaida, mizunguko kwa mizunguko, wakishangaa mbona maji mara yanatoka mara hayatoki.

Ukishafunga, usiamini koki, amini tangi. Flashi mara moja usikilize. Tangi likimwaga maji na lisianze kujaa tena, umefunga.

Nimezungusha koki mpaka mwisho na tangi bado linajaa polepole. Kwa nini?

Washa, yaani pete ya mpira ya kuziba iliyomo ndani ya koki, imeliwa, au chembe ya mchanga au kutu imekaa pale inapotakiwa kujibana. Jaribu kuifungua nusu kisha uifunge tena, mara mbili tatu. Mara nyingine chembe husukumwa na maji. Ikishindikana, kazi ndogo kama kubadilisha kizibo cha mpira kilicho chini ndani ya tangi, kile kinachonyanyuka unapoflashi, inawezekana hivyo hivyo, kwa kufunga boya juu kama nitakavyoeleza. Lakini usithubutu kufungua nati ya mpira unaoleta maji huku koki ikipitisha. Mkondo mwembamba kama uzi hujaza ndoo mapema kuliko utakavyomaliza kufunga nati mpya.

Koki imeganda kabisa. Niilazimishe kwa spana?

Hapana, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu hapa ndipo uvujaji mdogo hugeuka mafuriko. Koki ambayo haijaguswa miaka kumi imeshikana kwa kutu au chokaa ya maji. Ukiitia spana kubwa ukaivuta, kitu cha kwanza kusalimu amri si kutu, ni shina la koki, au paipu nyuma yake ndani ya ukuta. Shina likikatika, kichwa kinabaki mkononi mwako na maji yanaendelea kama kwamba hukufanya lolote. Paipu ikikatika ukutani, utahitaji koki kuu dakika hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kubishana na koki iliyoganda, hakikisha unajua koki kuu ilipo na kwamba inafunga. Kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu pale shina linapoingia kwenye nati, uyaache robo saa au zaidi. Shika mwili wa koki kwa mkono mmoja au kwa spana ya pili ili nguvu isiende ukutani. Sasa jaribu kuizungusha, kwanza upande wa kufungua kidogo, halafu wa kufunga kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayetikisa nguzo iliyokita ardhini. Ukisikia imelegea hata kwa upana wa ukucha, imekubali. Endelea pole pole. Ikikataa baada ya hapo, iache. Funga maji ya nyumba nzima na ubadilishe koki hiyo kabisa, maana imeshakuonyesha kwamba siku ya shida haitakufaa.

Koki za kuzungusha mara nyingi zina tabia ya kuganda zikiachwa wazi hadi mwisho. Ukiifungua yote, irudishe robo mzunguko kuelekea kufunga. Maji hayatapungua kwa kiasi cha kuonekana, na siku nyingine itakubali pande zote mbili.

Choo changu hakina koki yake. Nafunga wapi?

Unafunga koki kuu, lakini kwanza ujue maji ya choo chako yanatoka wapi, kwa sababu nyumba nyingi zina njia mbili.

Usiku mmoja niliitwa na mama mmoja ambaye alikuwa ameshafunga koki iliyo kwenye mita, akaifunga vizuri, na bado maji yalitoka nyuma ya choo kwa nguvu ile ile. Alikuwa ameanza kuamini kwamba koki imeharibika. Nilipofika nilimuuliza jambo moja: “Mama, juu ya paa kuna tangi?” Lilikuwepo, la lita 1000, na lilikuwa limejaa jioni ile. Alikuwa ameyazuia maji ya nje yasiingie, lakini tani nzima ya maji ilikuwa juu ya vichwa vyetu ikishuka kwa uzito wake yenyewe. Tulipanda na tochi, tukafunga geti valvu, yaani koki iliyo chini ya tangi, tukasikia mlio kule chooni ukipungua, ukawa matone, ukaisha.

Kwa hiyo, kama choo kinalishwa na tangi la juu, koki unayoitafuta ni ile iliyo kwenye paipu ya kutokea, karibu na sakafu ya tangi. Paipu inayoingia juu ya tangi ni ya kulijaza. Ukiifunga hiyo utasubiri mpaka tangi liishe lote chooni. Kama choo kinalishwa moja kwa moja na maji ya nje, koki iko baada ya mita au pale paipu inapoingia ndani ya nyumba: kwenye kisanduku ardhini, nje ya ukuta wa jikoni, chini ya ngazi, au kwenye kabati chini ya sinki la vyombo. Nyumba nyingine zina vyote viwili, bafu moja likila tangi na jiko likila maji ya nje, na hakuna anayejua mpaka ajaribu.

Kujaribu ni rahisi. Siku ya utulivu, fungua bomba la sinki lililo karibu na choo, nenda ukafunge koki moja, rudi utazame. Maji yakikatika baada ya muda mfupi, ndiyo hiyo. Yasipokatika, ifungue, nenda kwenye nyingine. Ukiipata, funga kitambaa chekundu au kibao kilichoandikwa “CHOO” kwa wino usiofutika, na uwaonyeshe wote wanaoishi humo, watoto wakubwa wakiwemo. Nasisitiza watoto kwa sababu mara nyingi wao ndio huwa nyumbani wakati mpira unapasuka.

Naishi ghorofani kwenye jengo la watu wengi. Naweza kufunga paipu ya jengo?

Koki ya nyumba yako, ndiyo. Paipu ya pamoja inayopanda ghorofa zote, usiiguse mwenyewe ila kwa dharura ya kweli. Mwite msimamizi au mlinzi wa jengo, na wajulishe majirani wa juu na chini. Mtu aliyejipaka sabuni bafuni hatakusahau, na aliyeacha bomba wazi kwa kudhani maji yamekatika atakuletea mafuriko mapya yakirudi.

Na koki iliyo upande wa barabara, kabla ya mita?

Mara nyingi hiyo ni mali ya mamlaka ya maji, pamoja na mita yenyewe na lakiri zake. Tumia ya upande wako. Kama ya upande wako haipo au imekufa, wapigie mamlaka waje wafunge, kisha uweke koki yako mpya maji yakiwa yamefungwa na wao.

Nikifunga maji ya nyumba nzima, nizime na vitu gani vingine?

Pampu kwanza. Pampu inayosukuma maji kwenye paipu iliyofungwa hupata joto bure, na inayovuta pasipo maji huungua. Pampu inayojiwasha yenyewe itajaribu kuwaka kila presha ikishuka, kwa hiyo izime kwenye swichi.

Hita ya maji ya kuogea ifuate. Zima umeme wake, na usifungue mabomba ya maji moto wakati unapunguza presha, ili tangi la hita lisije likapungua maji huku waya wake wa joto ukifanya kazi. Mashine ya kufulia iliyo katikati ya kazi, isimamishe.

Kisha fungua bomba la maji baridi lililo chini kuliko yote nyumbani, na jingine lililo juu. La chini linatoa maji yaliyobaki kwenye paipu, la juu linaingiza hewa ili yatoke kwa urahisi. Usipofanya hivyo, utafungua nati nyuma ya choo na kukuta paipu bado ina lita kadhaa zilizokuwa zikikungoja.

Kuna watu wengi nyumbani na siwezi kuwakatia maji wote. Hakuna njia nyingine?

Ipo, kama kazi yako iko ndani ya tangi la choo. Laza kijiti kigumu, mpini wa mwiko au rula, juu ya mdomo wa tangi kutoka ukingo hadi ukingo. Nyanyua boya mpaka maji yakatike, kisha lifunge kwa kamba kwenye kijiti hicho. Kwenye matangi ya zamani boya ni tufe mwishoni mwa mkono mrefu, nawe unafunga mkono huo. Kwenye mapya ni kikombe kinachopanda na kushuka kwenye nguzo ya plastiki. Pitisha kamba chini ya kikombe. Sasa unaweza kuflashi, tangi likabaki tupu, ukabadilisha kizibo cha mpira au mnyororo wake huku jikoni wakiendelea kuosha vyombo.

Usiitumie njia hii kubadilisha valvu ya boya yenyewe, ile koki ya ndani ya tangi inayofungwa na boya. Yenyewe ndiyo inayozuia maji.

Koki imefungwa. Maji yaliyomo ndani ya tangi nayatoaje?

Flashi huku umeshikilia mpini chini mpaka yashuke yote. Matangi ya kisasa hubeba takriban lita 6, ya zamani yanaweza kubeba 9 hadi 13. Vidole viwili vya maji vitabaki chini. Kama unabadilisha kizibo tu, yaache. Kama unalegeza nati yoyote chini ya tangi, yakaushe kwa sponji mpaka uone kaure tupu, na bado weka ndoo chini.

Nitajuaje uvujaji unatoka wapi hasa?

Koki uliyojifunza kuifunga ndiyo chombo chako kizuri cha uchunguzi. Acha tangi lijae, chora mstari wa penseli ndani yake pale maji yalipofika, funga koki, ondoka kwa saa moja au mbili bila mtu yeyote kukitumia choo.

Ukirudi ukakuta maji yako pale pale kwenye mstari, tangi halina kosa: tatizo ni valvu ya boya, ambayo haikati maji kwa wakati na kuyaacha yapande mpaka yamwagikie kwenye mrija wa ziada, ule uliosimama wazi ndani ya tangi. Usawa mzuri ni sentimita mbili na nusu hivi chini ya mdomo wa mrija huo. Mara nyingi ni suala la kushusha boya, au kufungua kichwa cha valvu na kuosha mchanga uliokwama.

Ukikuta maji yameshuka na sakafu ni kavu, yamepita kwenye kizibo cha mpira cha chini. Unaweza kuthibitisha kwa kutia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi na kusubiri nusu saa. Rangi ikijitokeza kwenye sinki bila mtu kuflashi, umepata jibu. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kizibo. Kikikuachia weusi mkononi, mpira umeoza, na hakuna kuusafisha utakaousaidia. Vidonge vya klorini vinavyowekwa ndani ya tangi huuozesha mapema. Mimi huwashauri watu wasivitumie humo.

Ukikuta yameshuka na sakafu imelowa, tafuta kwa karatasi ya chooni, si kwa macho. Kausha kila kitu kwanza. Kisha gusa kwa kipande kikavu cha karatasi, kimoja kimoja: mshono kati ya tangi na sinki, boliti moja, boliti ya pili, nati kubwa ya valvu chini ya tangi, ncha ya juu ya mpira, ncha ya chini, nati ya koki. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni kwenye kaure nyeupe. Anza juu ushuke chini, kwa sababu tone hutambaa kwenye mpira na kudondokea mbali na lilipozaliwa. Nimewahi kubadilisha mpira mzima ambao haukuwa na kosa lolote. Maji yalikuwa yakitoka kwenye boliti juu yake na kuufuata mpaka chini.

Tangi lote limelowa kwa nje lakini halionekani kuvuja.

Huenda ni jasho. Hewa yenye unyevu ikigusa tangi lenye maji baridi huacha matone, kama kwenye glasi ya maji ya barafu. Lipanguse, funga koki, acha maji ya ndani yapate joto la chumba. Jasho lisiporudi ilhali maji ni yale yale ndani, hakuna cha kutengeneza.

Kinavuja chini, pale kinapokutana na sakafu. Kufunga koki kutasaidia?

Kutasaidia kwa namna moja: hakuna atakayeflashi kwa kusahau. Maji hayo hayatoki kwenye paipu ya kuingiza. Ni yale yanayotoka na uchafu, yakipita kwenye pete ya nta au mpira unaounganisha choo na paipu ya majitaka. Dalili yake ni kwamba sakafu hulowa baada ya kuflashi tu, na mara nyingi kuna harufu. Usijaribu kuziba kwa silikoni kuzunguka sakafu; utakuwa umeyafungia maji machafu chini ya choo, yaozeshe sakafu taratibu bila wewe kuyaona.

Kazi hii inadai kukinyanyua choo. Funga koki, maliza maji ya tangi, kisha yakaushe na yale yaliyomo kwenye sinki, ambayo kufunga koki hakuyagusi. Yamo kwenye mkunjo, kwa makusudi. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskoti, alipewa hataza ya choo chenye paipu iliyopinda mfano wa herufi S, ili maji yanayobaki kwenye mkunjo yazuie hewa chafu isirudi ndani, na vyoo vyetu bado vinatumia wazo hilo. Choo kikishanyanyuliwa kinga hiyo inaondoka, kwa hiyo ziba tundu la majitaka kwa tambara kubwa. Liwe kubwa kweli, na ncha yake ibaki nje, lisije likatumbukia au ukalisahau humo. Pete ya nta haitumiki mara mbili. Kila choo kinaponyanyuliwa, weka mpya.

Nati nikaze kiasi gani? Na tepu nyeupe?

Nati za plastiki za mpira wa maji, kaza kwa mkono mpaka zikatae, kisha robo mzunguko kwa spana. Spana malaya ndogo inatosha, na ndogo ni bora, kwa sababu mkono mrefu unakudanganya kuhusu nguvu unayotumia. Boliti zinazoshika tangi kwenye sinki, kaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, tangi likae sawa. Kaure haikuonyi, inalia mara moja, na ufa wake hauna dawa.

Tepu, ile nyembamba ya kuzungushia viungo vya paipu, ni kwa viungo vya chuma vya kuskrubu vinavyozibana vyenyewe. Pale ambapo kuna washa ya mpira ndani ya nati, washa ndiyo inayoziba, na tepu inaizuia tu nati isifike mwisho. Unapofunga tepu, izungushie kwa kufuata upande ambao nati itakazwa, la sivyo itajikusanya na kutoka unapokaza.

Wakati maji yamefungwa, tutatumiaje choo?

Kwa ndoo, mradi choo chenyewe hakivuji chini. Mimina lita 6 hadi 8 moja kwa moja kwenye sinki la choo, kwa mkupuo mmoja na kutoka kimo cha kiuno. Ukimimina taratibu maji yatapanda na kushuka bila kubeba kitu. Jaza ndoo mbili tatu kabla ya kufunga koki kuu. Hili husahauliwa na karibu kila mtu, nami nilikuwa mmoja wao miaka yangu ya kwanza.

Naweza kuiacha koki ya choo imefungwa nikisafiri?

Ndiyo, na ninakushauri ufanye hivyo hata kama choo ni kizima. Kwa safari ya wiki nyingi, kumbuka kwamba maji ya kwenye mkunjo hukauka. Ukirudi ukakutana na harufu, mimina ndoo moja kabla ya kumwita fundi.

Nimemaliza. Nafunguaje maji tena?

Pole pole. Maji yakiachiwa ghafla kwenye paipu yenye hewa hugonga, utasikia kishindo ukutani, na kishindo hicho hulegeza viungo ambavyo havikuwa na shida.

Acha koki ya choo ikiwa imefungwa. Fungua bomba moja la maji baridi, la bafuni kwa mfano, kisha fungua koki kuu kiasi kidogo. Bomba litakohoa, litatema hewa, huenda na maji ya rangi ya kahawia. Hiyo ni kutu na tope lililotikisika, nami napenda litokee hapo, lisipitie kwenye valvu mpya ya choo yenye tundu jembamba. Maji yakishakuwa meupe na mkondo umetulia, fungua koki kuu yote, funga mabomba, rudisha umeme wa pampu. Hita iwashe mwisho, baada ya kuona bomba la maji moto limetoa maji mfululizo bila hewa.

Sasa fungua koki ya choo, ukiwa umepiga magoti na karatasi kavu mkononi. Acha tangi lijae. Gusa kila nati uliyoigusa. Flashi mara tatu nne, gusa tena. Kisha tandaza karatasi kavu chini ya viungo, uiache mpaka asubuhi, maana kuna uvujaji unaotoa tone moja kwa dakika kumi na hautauona ukiwa umesimama hapo na haraka ya kunawa mikono.

Choo kimepona, lakini sasa koki yenyewe inavuja kwenye shina.

Hutokea sana kwa koki iliyokaa miaka bila kuzungushwa. Shina hupita ndani ya nati ndogo iliyofungia nyuzi au mpira wa kuziba, na nyuzi hizo zimekauka. Shika mwili wa koki kwa spana moja, kaza nati hiyo ndogo kwa nyingine, sehemu ya nane tu ya mzunguko. Pangusa, subiri, tazama. Rudia mara moja ikibidi. Tone likiendelea, funga koki kuu, badilisha koki hiyo, na uweke ile ya mpini wa robo mzunguko.